Nani aliyesikia seli za ubongo zikizungumza?

Haya ni mazungumzo ya redio ya wiki hii, kama yalivyosomwa hewani.



Barua iliyonifanya nichague mada ya leo imetoka Zinga, huko njia ya Bagamoyo. Aliyeiandika ni mvuvi mzee, na ameomba jina lake lisitajwe. Anasema mjukuu wake alishikwa na degedege usiku wa manane. Bibi wa mtoto akataka kwanza mtoto afukizwe, maana kwa wazee wetu wa pwani degedege ni ndege, au dudu, apitaye usiku juu ya paa. Baba wa mtoto akataka wakimbilie hospitali. Wakabishana mlangoni huku mtoto anatetemeka. Mwisho baba akashinda, na mtoto akapona.

Lakini mzee huyu hakuridhika. Anaandika hivi: "Daktari alituambia kwamba ndani ya ubongo mna seli, na kwamba degedege ni seli hizo kupiga kelele zote kwa pamoja. Nikamwuliza, kwani seli huzungumza? Akasema ndiyo, kwa umeme na kwa kemikali. Sasa mwanangu, nani aliyeingia mle kichwani akazisikia?"

Ndugu msikilizaji, hilo ni swali la haki kabisa. Anayetuambia habari za ndege tunamdai ushahidi. Basi na anayetuambia habari za seli naye tumdai ushahidi, wala tusimwachie kwa sababu tu amevaa koti jeupe. Kwa hiyo leo nitaleta mashahidi. Na mzee wangu wa Zinga atashangaa, kwa sababu wengi wao anawafahamu: chura, ngisi, kaa, bunju, na yule nyoka wa kijani wa kwenye miembe yetu.

Tuanze na swali la kwanza kabisa, yaani ubongo umeundwaje. Mwaka 1873 daktari mmoja wa Italia, Camillo Golgi, aligundua namna ya kupaka kipande cha ubongo rangi kwa madini ya fedha. Ajabu ya rangi hiyo ni kwamba hushika seli chache tu, lakini zile inazozishika huzishika nzima, na matawi yake yote, zikawa nyeusi juu ya mandhari ya njano. Golgi alipotazama kwa hadubini aliamini kwamba ubongo ni wavu mmoja ulioungana, fundo kwa fundo. Mhispania Santiago Ramón y Cajal akaichukua rangi ile ile ya Golgi, akaanza kuitumia mwaka 1887, akaona kinyume. Alisema kila seli inajitegemea. Matawi ya seli moja hufika karibu kabisa na seli ya pili, lakini hayaungani nayo. Mwaka 1906 wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel pamoja, na hata siku hiyo walikuwa bado hawakubaliani.

Cajal ndiye aliyekuwa na haki. Katika miaka ya 1950 hadubini ya elektroni ilionyesha pengo lenyewe. Ukigawa milimita moja katika sehemu milioni moja, pengo kati ya seli na seli ni kama sehemu 20 tu. Ni dogo mno, lakini lipo. Na ubongo wa binadamu una seli za neva zipatazo bilioni 86, kila moja ikiwa na maelfu ya mahali pa namna hiyo pa kukutana na jirani zake. Kwa hiyo maswali yakawa mawili. Habari husafirije ndani ya seli moja? Na ikifika ukingoni, huvukaje pengo?

Kwa swali la kwanza, shahidi wetu ni ngisi. Kila mvuvi anamjua. Ukimshtua hutema wino na kuchupa kinyumenyume. Huchupa kwa kubana mwili wote kwa mara moja na kusukuma maji nje kwa nguvu. Ili mwili wote ubane kwa pamoja, amri lazima isafiri haraka, na kwa ajili hiyo ngisi amejaliwa uzi wa neva mnene ajabu. Uzi wa neva wa binadamu ni mwembamba mara nyingi kuliko unywele. Wa ngisi wa bahari za Ulaya na Marekani hufikia karibu milimita 1, kama mshipi wa kuvulia samaki wakubwa. Mwingereza J. Z. Young ndiye aliyewaonyesha wenzake, mwaka 1936, kwamba hiyo ni neva na wala si mshipa wa damu.

Wataalamu wakaona bahati imewashukia. Mwaka 1939, katika maabara ya bahari ya Plymouth, Uingereza, Alan Hodgkin na Andrew Huxley walichukua uzi huo wakapenyeza ndani yake waya mwembamba sana uliokuwa katika mrija wa kioo. Waya mwingine wakauweka nje. Wakapima. Neva ikiwa imetulia, ndani kulikuwa na umeme hasi ukilinganisha na nje. Neva ilipopitisha habari, hali ile iligeuka kwa kitambo kidogo sana, ndani kukawa chanya, kisha ikarudi kama mwanzo. Yote hayo huchukua kama sehemu moja au mbili za elfu za sekunde. Wiki chache baadaye vita vikuu vikaanza, nao wakaenda kufanya kazi za vita. Walirudi kwa ngisi baada ya vita.

Waliporudi walikuwa na mbinu mpya, iliyoanzishwa na Mmarekani Kenneth Cole. Mzee wangu wa Zinga ataielewa upesi. Mvuvi akitaka kujua nguvu ya mkondo wa maji, anaweza kuishikilia ngalawa mahali pamoja kwa pondo. Nguvu anayotumia kuizuia isiende ndiyo nguvu ya mkondo. Hodgkin na Huxley walifanya vivyo hivyo: waliushikilia umeme wa neva usibadilike, wakapima ni umeme kiasi gani walilazimika kuutia ili kuuzuia. Kwa njia hiyo waligundua kwamba kuna mikondo miwili. Kwanza sodiamu, ile iliyomo katika chumvi ya mashamba yetu ya Bagamoyo, huingia ndani kwa kasi. Kisha potasiamu, ile iliyo tele katika ndizi na maji ya dafu, hutoka nje. Makala zao zilitoka mwaka 1952, na Nobel wakaipata mwaka 1963.

Lakini mtu mgumu atauliza: mtajuaje kwamba sodiamu na potasiamu hupita katika milango miwili mbalimbali, na si mlango mmoja? Hapo ndipo anapoingia shahidi wa pili.

Ukitoka Tegeta kwenda Bagamoyo unapita Bunju. Jina hilo ni la samaki pia, yule anayejijaza maji akavimba kama mpira. Wavuvi wetu wakimpata wavuni humtupa, na wana sababu. Ini lake, mayai yake, utumbo na ngozi huweza kuwa na sumu kali, na sumu hiyo haiishi kwa kupikwa. Mwaka 1909 Mjapani Yoshizumi Tahara aliipa jina la tetrodotoksini. Mwaka 1964 Mjapani mwingine aliyekuwa akifanya kazi Marekani, Toshio Narahashi, pamoja na wenzake, waliiweka sumu hiyo kwenye neva ya kamba mkubwa wa baharini na kupima kwa mbinu ile ile ya kushikilia umeme. Mkondo wa sodiamu ulikatika. Mkondo wa potasiamu uliendelea kama kawaida. Sumu ya bunju ilikuwa imefunga mlango mmoja na kuuacha wa pili wazi. Ushahidi gani tena? Tangu hapo sumu hii imekuwa chombo cha kazi katika maabara za neva duniani kote. Mtaalamu akitaka kunyamazisha seli ili aisikie nyingine, huitumia kama sisi tunavyozima redio.

Hapa naomba nisimame kidogo, kwa sababu jambo hili si la maabara tu. Aliyekula bunju mwenye sumu huanza kufa ganzi midomo na ulimi, mara nyingi katika muda usiozidi saa moja au chache. Kisha mikono na miguu hulegea, na mwisho misuli ya kupumua hukoma. Dawa ya kuiondoa sumu hiyo hakuna. Lakini, ndugu msikilizaji, sumu ile haidumu milele. Akisaidiwa kupumua kwa saa nyingi, mgonjwa anaweza kupona kabisa. Tena mara nyingi akili yake huwa timamu, anasikia yote, ila hawezi kufumbua jicho wala kujibu. Kwa hiyo mtu wa namna hiyo asiliwe tanga kabla ya wakati. Apuliziwe pumzi, apelekwe hospitali yenye mashine, wala asitukanwe wala kuliliwa kama maiti, maana huenda anasikia.

Shahidi wa tatu ni kaa. Ikiwa sodiamu huingia na potasiamu hutoka kila habari inapopita, lazima kuwe na kitu cha kuzirudisha mahali pake, kama vile mtu anayefua maji kutoka katika mashua inayovuja. Mwaka 1957 Mdenmark Jens Skou aliipata pampu hiyo katika neva za miguu ya kaa. Na alihakikishaje kwamba ndiyo yenyewe? Hapo alisaidiwa na sumu ya mishale ya Afrika Mashariki. Kemikali iitwayo wabaini, ambayo Wafaransa waliitoa katika mti wa sumu wa jamii ya Acokanthera mwaka 1888, ilikwisha kujulikana kwamba huzuia pampu ya namna hiyo katika chembe za damu. Skou alipoitia katika maabara yake, ile aliyoipata kwenye kaa nayo ikasimama. Mwaka 1997 akapewa Nobel.

Sumu za mishale zina historia ndefu na pwani yetu. John Kirk, yule aliyekuja kuwa balozi wa Uingereza Unguja, alipokuwa daktari wa safari ya Livingstone katika mto Zambezi alichukua sumu nyingine ya mishale iliyo jamaa na hiyo. Ikamwagikia mswaki wake, na alipoutumia akaona ni mchungu na mapigo ya moyo wake yamepungua. Kutokana na hayo ikapatikana dawa ya moyo. Wazungu wameandika sana kwamba mwaka 1874 maiti ya Livingstone ilifikishwa Bagamoyo mabegani mwa Waafrika. Ni nadra kuandika kwamba mabegani mwa Waafrika ilisafiri pia elimu ya sumu na dawa. Wawindaji wetu walijua ni mti gani, ni sehemu gani ya mti, na ichemshwe vipi. Maabara ilikuja baadaye kueleza sababu.

Nawaomba mlikumbuke jambo moja kuhusu pampu hii, tutalihitaji hivi punde. Pampu hula. Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili wa mtu mzima, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya nishati yake, na sehemu kubwa ya nishati hiyo huenda kwenye kazi hii ya kufua maji.

Sasa tuvuke lile pengo. Kwa miaka mingi wataalamu waligombana. Wapo waliosema cheche ya umeme huruka kutoka seli hadi seli. Wengine walisema seli humwaga kemikali. Jaribio lililoanza kuamua ugomvi ni la Mjerumani Otto Loewi, lililofanywa Austria mwaka 1921 kwa mioyo miwili ya chura. Mioyo ya chura huendelea kupiga hata ikitolewa na kuwekwa katika maji ya chumvi. Loewi aliusisimua ule mshipa wa fahamu unaopunguza mapigo katika moyo wa kwanza. Moyo ukapiga polepole. Kisha akachukua maji yaliyouzunguka moyo huo akayamimina kwenye moyo wa pili, ambao haukuguswa kwa umeme hata kidogo. Nao ukapiga polepole. Tazama urahisi wake! Umeme hausafiri katika kikombe cha maji kutoka moyo mmoja hadi mwingine. Kilichosafiri kilikuwa kemikali. Baadaye ilithibitika kuwa ni asetilikolini.

Hata hivyo wapinzani hawakukata tamaa, na mkuu wao alikuwa John Eccles wa Australia. Alisema huenda ni kweli kwa moyo, lakini ndani ya ubongo na uti wa mgongo ni cheche tu. Mwaka 1951, akiwa New Zealand, alifanikiwa kuchoma seli moja ya uti wa mgongo wa paka kwa sindano ya kioo nyembamba mno na kupima. Vipimo vikamwumbua: seli ilipoambiwa nyamaza, umeme wake ulikwenda upande ambao cheche isingeweza kuupeleka. Eccles akatangaza hadharani kwamba wapinzani wake ndio wenye haki. Naipenda sana sehemu hii ya kisa. Mtu aliyejenga jina lake juu ya hoja moja kwa miaka mingi, aliibomoa kwa mkono wake mwenyewe kwa sababu kipimo kimesema.

Na hii kemikali humwagwaje? Bernard Katz wa London na wenzake walionyesha, katika miaka ya 1950, kwamba hutoka kwa vifurushi. Haimwagiki kama maji ya bomba. Ni kama kupima mchele kwa kibaba: kibaba kimoja, viwili, mia moja, lakini kamwe si nusu kibaba. Kikifika ng'ambo, kinafungua milango, na seli ya pili inapata habari. Baadaye lazima kemikali hiyo ivunjwevunjwe upesi, ama sivyo habari haitakoma.

Shahidi wa jambo hilo la mwisho ni nyoka wa kijani wa pwani, ndugu yake koboko, anayependa kukaa kwenye miembe na mikorosho kuanzia Kenya hadi Msumbiji. Wataalamu humwita Dendroaspis angusticeps. Katika sumu yake zimepatikana silaha mbili zinazosaidiana. Moja hufunga milango ya potasiamu, hivyo neva inamwaga kemikali kupita kiasi. Alan Harvey wa Uskoti na Evert Karlsson wa Sweden waliieleza mwaka 1980. Silaha ya pili huzuia kile kimeng'enya kinachovunja asetilikolini. Basi kemikali inamwagwa nyingi, na hakuna wa kuifagia. Misuli ya aliyeumwa hurukaruka yenyewe. Leo sumu zote mbili ni vyombo katika maabara, na maprofesa wengi wamejifunza kazi ya milango ya potasiamu kwa msaada wa nyoka wa mwembe wetu.

Kwa wale wanaolima mboga niongeze neno. Baadhi ya dawa za kuua wadudu tunazonyunyiza, hasa zile za jamii ya oganofosfeti, hukizuia kimeng'enya hicho hicho. Mnyunyizaji anayetokwa na mate mengi na jasho, anayetetemeka na kubanwa pumzi, hajalogwa na jirani. Neva zake haziambiwi koma. Avuliwe nguo, aoshwe kwa maji na sabuni, apelekwe hospitali pamoja na chupa ya dawa aliyotumia, maana daktari akiijua anayo tiba.

Nimebakiza shahidi mmoja, na huyu ni chombo. Mpaka miaka ya 1970 milango hii ya seli ilikuwa inasadikiwa, lakini hakuna aliyekuwa amesikia mmoja peke yake ukifunguka. Mwaka 1976 Wajerumani wawili, Erwin Neher na Bert Sakmann, walichukua mrija wa kioo wenye ncha pana kama sehemu moja ya elfu ya milimita, wakaugusisha kwenye utando wa seli ya msuli wa chura. Kiraka kidogo cha utando kikabanwa kwenye tundu la mrija. Ndani ya kiraka hicho mlikuwa na mlango mmoja au michache tu. Umeme wake ni mdogo mno, kiasi cha amperi moja iliyogawanywa mara bilioni elfu. Lakini waliupima. Na kwenye mashine ulionekana wazi: mlango umefungwa, umefunguka, umefungwa, umefunguka. Baadaye waligundua kwamba wakivuta pumzi kidogo kwenye mrija, utando hung'ang'ania kioo, na makelele ya nje yanapungua sana. Nobel waliipata mwaka 1991.

Kwa hiyo, mzee wangu, jibu la swali lako ni hili. Hakuna aliyeingia kichwani. Waliweka sikio la kioo kwenye ukuta wa seli moja, kwenye mlango mmoja, wakasikiliza.

Sasa turudi kwa degedege, maana hapo ndipo penye roho za watu. Mwaka 1996 ilichapishwa taarifa ya utafiti uliofanywa katika wilaya yenyewe ya Bagamoyo, kuhusu namna wazazi wanavyotibu degedege. Ilionyesha kwamba wengi walianzia kwa tiba za jadi, na hospitali ikaja nyuma. Tena pwani ipo imani ya hatari zaidi, kwamba mtoto mwenye degedege akichomwa sindano atakufa. Sisemi haya kuwabeza wazee. Walimwona mtoto akikakamaa ghafula, macho yakigeuka, na walitafuta maelezo kwa elimu waliyokuwa nayo. Lakini sisi leo tunayo elimu nyingine, nayo inaonyesha kinachotokea.

Ndani ya ubongo zipo seli zinazosema "sema" na seli zinazosema "nyamaza". Ubongo mzima ni mizani kati ya hizo mbili. Mtoto akipata malaria kali, chembe za damu zenye vimelea huganda katika vishipa vidogo vya ubongo. Homa hupanda. Sukari ya damu huweza kushuka, na zile pampu tulizosema zinakula sana zikakosa chakula. Mizani ikiharibika, seli nyingi hupiga kelele kwa pamoja. Hiyo ndiyo degedege.

Na dawa? Daktari humpa mtoto diazepamu. Kwa miaka mingi dawa hii ilitumiwa kabla haijajulikana hasa hufanya nini. Ni kusikiliza milango ndiko kulikoeleza. Kemikali kuu ya kunyamazisha ubongo huitwa gaba. Diazepamu haifungui mlango wa gaba yenyewe, bali huufanya ufunguke mara nyingi zaidi gaba inapobisha. Fenobabitoni, ile dawa ya kifafa ya miaka mingi katika zahanati zetu, ambayo hata Dk. Louise Jilek-Aall aliitumia katika kliniki yake ya kifafa kule Mahenge mwanzoni mwa miaka ya 1960, huufanya mlango ukae wazi kwa muda mrefu zaidi. Dawa mbili, mlango mmoja, kazi mbalimbali. Hayo si maneno ya kusadiki tu. Yalipimwa.

Basi mtoto akishikwa na degedege, mlaze ubavu mahali salama mbali na moto. Mlegezee nguo. Usimtie kijiko wala kidole mdomoni. Usimnyweshe kitu. Usimbane kwa nguvu. Kisha mkimbize kituo cha afya, hata kama degedege imekwisha njiani, apimwe malaria na mengineyo, maana si kila degedege ni malaria. Homa ya uti wa mgongo nayo huja hivyo. Akiandikiwa sindano, achomwe. Sindano haiui mtoto wa degedege. Kinachoua ni masaa yanayopotea mlangoni.

Neno langu la mwisho ni kwa walimu, na kwa wale wanaopanga fedha za shule. Kuna watu wanaosema utafiti wa namna hii ni wa Ulaya, sisi tusubiri. Nawakatalia. Bagamoyo hiyo hiyo ina kituo cha Taasisi ya Afya ya Ifakara, ambacho kilikuwa kimoja wapo cha vituo 11 vya Afrika vilivyojaribu chanjo ya malaria ya RTS,S kati ya 2009 na 2014. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza chanjo hiyo. Kunduchi wapo wataalamu wa bahari, Mbegani kipo chuo cha uvuvi. Jirani zetu wa Uganda, kule Ishaka, mwaka 2011 waliendesha kozi ya kuchunguza seli za neva kwa kutumia nzi wa matunda, kwa sababu nzi hagharimu kitu na ndizi iliyooza haikosekani.

Ngisi wa Bagamoyo huuzwa kila asubuhi sokoni. Mwalimu wa baiolojia wa sekondari anaweza kumnunua mmoja, akampasua mbele ya wanafunzi, na kuwaonyesha, upande wa ndani wa mwili wake, zile neva zinazotoka kama miali. Haihitaji mashine, ni kisu na meza tu. Wanafunzi arobaini wakiona kwa macho yao kwamba amri ya mwili hupita katika uzi unaoshikika, siku moja mmoja wao atasimama mlangoni usiku wa manane, na atajua la kuwaambia wakubwa wake kwa adabu na kwa ushahidi.

Hadi wiki ijayo, wakati kama huu, nawatakia usiku mwema.